Siku Niliyofikisha Ndizi Shuleni

Kabla hujakubali kubeba mtoto wa mtu kwenye baiskeli, jifunze kwanza kupitisha mguu kwa mbele. Nawaambia nyie vijana mnaokaa pale njia panda mkisubiri abiria huku mmeinamia simu. Baiskeli ikiwa tupu, kila mtu anarusha mguu kwa nyuma, juu ya keria. Ukifanya hivyo na mtoto amekaa nyuma, umempiga teke la shingo na safari imeishia hapo hapo. Mguu unapita mbele, juu ya bomba la fremu, taratibu, hata kama goti linalalamika. Mimi nimefanya hivyo kila asubuhi ya shule kwa miaka mingi hapa Ntobeye, na wala sikuwahi kumpiga mtoto teke. Makosa yangu ni mengine, nitayasema.

Jina langu Gervazi. Msijifanye hamnijui. Wewe hapo mwenye sharubu zinazoanza, umelowesha keria yangu zaidi ya mara moja, na mama yako anajua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shule ipo ng'ambo ya kilima. Watoto wakubwa wanakwenda kwa miguu, hao hawana shida. Wadogo, wa chekechea na wale wa darasa la kwanza, wakitembea wenyewe wanafika saa nne, wamechoka, wameokota mawe mfuko mzima. Na mama zao asubuhi wanatakiwa shambani kabla jua halijawa kali. Basi mimi nilikuwa napita nyumba kwa nyumba, nabeba wawili safari ya kwanza, narudi, nabeba mwingine safari ya pili. Mchana nawarudisha. Kazi hii haina cheti. Ulichonacho ni kwamba mama fulani ameamua kukupa mtoto wake, na siku akiamua vinginevyo huna pa kukata rufaa.

Nyie siku hizi mnapakia wanne kwenye pikipiki moja, mishikaki, wa kwanza ameshika tenki, wa mwisho ameshika imani yake. Sitaki kugombana leo. Nasema tu nimeona.

Baiskeli yangu niliinunua wakati kambi za wakimbizi za Lukole bado zipo. Enzi hizo nilikuwa nabeba ndizi kupeleka kwenye soko la kule, mikungu minne, mitano, nimeifunga kwa mipira ya tyubu mpaka baiskeli haionekani, ukiniona kwa mbali unadhani mgomba unatembea. Kambi zilipofungwa, soko likafa, nikabaki na baiskeli na mgongo unaojua ndizi kuliko unavyojua binadamu. Shikeni hilo, ndilo lililoniponza.

Aliyenifundisha kubeba watoto hakuwa mbebaji. Alikuwa fundi baiskeli pale Ngara mjini, Mzee Athumani. Babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo, wakabaki huku, lakini Kiswahili chao kilikuwa bado kimenyooka, sisi wengine tukiongea naye tunajiona tunatembea na viatu visivyolingana. Nilimpelekea baiskeli nikamwambia, fundi, niwekee keria imara, sasa nabeba watoto. Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi.

"Ewe Gervazi, umewahi kukaa huku nyuma?"

"Hapana, fundi."

"Basi kaa."

Nikadhani anapima keria. Kumbe akapanda mbele, mzee wa watu na kofia yake, akanishusha ule mteremko wa kutoka sokoni bila kugusa breki. Jamani. Keria ya chuma inakuuma mahali pasipotajwa, miguu haina pa kukaa, mbele huoni kitu ila mgongo wa mtu, na kila shimo linakuja bila taarifa. Nilimkumbatia tumboni nikapiga kelele mbele ya wakwe zangu waliokuwa wanauza maharage pale chini. Aliposimama akaniuliza, "Sasa unajua?" Nikamwambia najua.

Tukaanza upya. Juu ya keria tukaweka mfuko wa salfeti uliojazwa majani makavu ya mgomba, ukashonwa. Pembeni tukafunga vipande vya ndoo kuukuu vifunike spoki, maana mguu wa mtoto ukiingia kwenye spoki ni hospitali siku hiyo hiyo. Chini tukaweka vijiti viwili vya kukanyagia. Na breki akabadilisha zote. Alisema breki ya kubebea ndizi na breki ya kubebea mtoto hazifanani, kwa sababu ndizi haziendi kumwambia mama.

Jambo lingine ambalo hakuna atakayekufundisha ni maongezi. Mtoto akinyamaza nyuma, amelala au anakaribia kulala, na akilala anateleza. Kwa hiyo unaongea naye njia nzima. Unamuuliza amekula nini, ameota nini, mbuzi wao wangapi. Watoto wa miaka mitano wanajibu kila kitu. Mimi nimejua siri za nyumba za Ntobeye ambazo hata paroko hajaungamiwa. Nani amelala kwa dada yake baada ya ugomvi, nani ameficha kuku mgeni asimwone, yote nilikuwa nayo saa moja asubuhi. Sikuwahi kusema. Nyie mngesema.

Sasa kilima. Kwa kupanda, hakuna baiskeli inayopanda na mtoto, labda wewe una mapafu ya trekta. Watoto wanashuka, mimi nasukuma, wao wanashika keria kwa nyuma wakiamini ndio wanaosukuma. Unawaacha waamini. Ukifika juu unawasifu, wanapanda, mnateremka mpaka shuleni.

Na pale juu ya kilima kuna tabia yetu sisi watu wa huku ambayo mgeni haielewi. Ukisimamisha baiskeli mahali ukaenda kando kidogo, ukirudi utaikuta na mzigo. Mtu ameona baiskeli, anajua inakwenda wapi, amefunga chake. Haombi, maana akiomba ni kama anadhani ungekataa, na hilo ni tusi. Nimewahi kufikisha shuleni viazi, barua, kuku wawili, na ufunguo wa kanisa.

Basi nije kwa Editha.

Editha alikuwa mtoto pekee wa Odilia. Baba yake yuko machimboni Geita, anakuja Krismasi. Odilia huyu alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Wenzake wote walikuwa wameshanipa watoto, yeye akakaa muhula mzima ananitazama tu nikipita. Alipokubali, wiki ya kwanza alikuja nyuma ya baiskeli mpaka shuleni, jembe begani, kama askari. Nikisimama anasimama, nikisukuma ananitazama ninavyosukuma. Jumatatu ya pili nikafika, akampandisha mtoto, akamfunika kitenge kwa ajili ya baridi, akasema, "Haya, Babu," akabaki. Nilipiga kengele njia nzima siku hiyo. Mtu mzima, napiga kengele ovyo.

Mtoto naye alikuwa wa mama yake. Asubuhi haongei. Wengine wote wanabwabwaja, Editha unamuuliza maswali kumi anakujibu moja, tena mnapokaribia shule. Nikazoea kuongea peke yangu.

Siku yenyewe kulikuwa na ukungu, ule wa kwetu wa miezi ya mvua, huoni hata kengele ya baiskeli yako. Safari ya pili, mimi na Editha tu. Tumepanda kilima, tumefika juu, simu ikaita. Ni binti yangu aliyeolewa Nyamigogo, kule Biharamulo, alikuwa mja mzito wa siku zozote. Sasa pale juu mtandao unashika kwenye jiwe moja tu, ukikosea hatua mbili simu inakukaribisha Burundi. Nikaegemeza baiskeli, nikamwambia Editha asimame pale pale, nikapanda jiwe.

Binti amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Ndugu zangu, nilikuwa na wajukuu wa kiume sita, wote wakorofi. Nilishuka lile jiwe sijui nimekanyaga wapi. Nikashika usukani, nikapitisha mguu kwa mbele kama inavyotakiwa, na nikasikia uzito wake nyuma kama kawaida. Nikarudisha mkono, nikagusa kitenge. Nikateremka.

Na njia nzima nikaongea. Nilimwambia nimepata mjukuu. Nilimwambia habari za mama yake mtoto alipokuwa mdogo, jinsi alivyokula sabuni. Nikamuuliza anaonaje mtoto tukimpa jina la Editha. Kimya. Nikachukulia amekubali, nikamwambia asante sana mama, una moyo mzuri. Pale kwenye makorongo nikamwambia ajishike vizuri, na nikamsifu kwamba leo ametulia kuliko siku zote, hatikisiki kabisa.

Nikaingia shuleni kwa breki safi, watoto wa chekechea wamepanga mstari wanaimba, mwalimu wao Restituta yuko mbele. Nikasema kwa sauti, "Haya mama, shuka, tumefika."

Wimbo ukakatika. Mwalimu Restituta akaja akazunguka nyuma ya baiskeli, akasimama, mikono nyuma.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwalimu."

"Huyu mgeni wako tumwandikishe darasa gani?"

Nikageuka. Mkungu wa ndizi, mkubwa, umefungwa mpira barabara, umefunikwa kitenge kingine usilowe. Watoto walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo kabla akili haijanifikia. Nikamwuliza mwalimu, kwa upumbavu tu, kama Editha amefika. Akaacha kutabasamu. Akaanza kufungua ule mpira mwenyewe, haraka haraka, akauweka mkungu chini, akaniambia, "Nenda, Babu. Nenda."

Kilima kile sijawahi kukipanda vile. Baiskeli nilikuwa naisukuma nikikimbia, na naita kila hatua kumi, na ukungu unanirudishia sauti yangu. Njiani sikukutana naye. Kule juu, jirani na lile jiwe, anakaa Mama Tereza. Nikamkuta uani anamfuta mwanambuzi.

"Babu Gervazi, umemfikishia mwarimu ndizi zangu?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto? Si alikuwa hapa. Nilimwita aone mbuzi anazaa. Alipotoka sikumwona tena, na baiskeri haipo, nikajua umemchukua."

Kutoka pale kuna njia mbili ukiacha ya shule. Moja inarudi nyumbani, nyingine inateremka mtoni, na mto ulikuwa umejaa. Nilikwenda mtoni kwanza. Sitawachekesha hapo. Nilisimama kwenye gogo la kuvukia nikatazama maji, nikaona nilivyo mzee mjinga, mtu niliyeaminiwa kitu kimoja tu duniani nikashindwa kugeuza shingo kukitazama. Kwenye matope ya kando hapakuwa na unyayo mdogo. Nikapiga ishara ya msalaba nikageukia njia ya nyumbani. Nilikuwa naomba mambo mawili, nimkute mtoto na nisimkute Odilia.

Niliwakuta wote. Odilia alikuwa anapalilia maharage, na Editha amekaa pembeni ya shamba na sare yake ya shule, anakula kiazi. Nikashika usukani. Odilia akasimamisha jembe. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, akaanza na salamu, na ile salamu iliniuma kuliko kofi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mama."

"Habari za shule?"

Mdomo wangu ulishafunguka kusema nzuri, maana ndivyo tulivyozoea. Nikaufunga.

"Odilia, nimekuja kukuambia."

"Nimeshaambiwa." Akaelekeza kidevu kwa mtoto. "Nilikupa mtoto. Shuleni ulifikisha nini?"

"Ndizi."

"Zilifika salama?"

"Zilifika."

"Sawa," akasema. "Kesho nitampeleka mwenyewe." Akainama akaendelea kupalilia.

Mchana ule Ntobeye yote ilikuwa na habari. Mama wengine hawakuninyima watoto, walinifanyia kibaya zaidi, wakacheka. Asubuhi mmoja ananikabidhi mwanawe anasema, "Babu, huyu ni Deo. Ana masikio mawili, mguse uhakikishe." Watoto wakaniita Babu Ndizi, na jina hilo mnalo mpaka leo, nawasikia nikipita. Nilivumilia. Hata kwenye ubatizo wa mjukuu wangu kule Nyamigogo, mtu ambaye simjui aliniuliza kama huyu nimemkagua.

Lakini Odilia hakucheka. Kila asubuhi nilimwona kwenye kilima, Editha mgongoni, maana njia ni ndefu kwa miguu ya miaka mitano. Anamfikisha, anarudi, na jua limeshapanda ndipo anashika jembe. Maharage yake yakaanza kumezwa na magugu, na kila anayepita anayaona. Jumapili nikamsubiri nje ya kanisa, nikavua kofia, nikamwomba msamaha mbele ya watu, kwa maneno niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi usiku kucha nikimsomea mke wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, Babu," akasema. "Kwa moyo kabisa. Mtoto sikupi."

Ningefanya nini? Safari ya pili ilikuwa ya Editha, na mimi sikuwa na mtu mwingine wa kumbeba. Mke wangu akasema ipumzishe baiskeli sasa, utalala zaidi. Sikuweza. Kila asubuhi nikirudi kutoka safari ya kwanza, nageuza naingia nyuma yao, keria tupu, nasukuma polepole kwa umbali wa heshima. Odilia hageuki. Wakifika shuleni nami nafika, nasalimia, naondoka. Watu walisema Gervazi amechanganyikiwa, anasindikiza hewa. Nilikuwa nasindikiza mtoto, ila nyie hamkuwa mmeambiwa.

Hili lilikwenda mpaka wakati wa kuvuna. Asubuhi moja, mguuni mwa kilima, Odilia akasimama. Alikuwa anahema. Akamshusha mtoto, akashika kiuno, na kwa mara ya kwanza akageuka kunitazama. Nikasimama nilipokuwa, sikusogea hata hatua.

"Njoo," akasema. Nikaja. "Mimi sina la kusema. Muulize mwenyewe."

Nikachuchumaa mbele ya Editha, magoti yakalia. Nikamwambia, mama, utapanda baiskeli ya Babu? Akaizunguka baiskeli, akaitazama keria, akagusa ile mipira yangu ya kufungia mizigo iliyokuwa inaning'inia.

"Ndizi zilifungwa na hii," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi hukunifunga."

"Sikukufunga, mama."

"Ndiyo maana zenyewe zilifika."

Nikamtazama Odilia. Odilia akatazama pembeni, midomo ameikaza, mabega yanamtikisika. Alikuwa anacheka, mwanamke yule, alikuwa anacheka kwa siri. Nikampandisha mtoto juu ya salfeti, nikachukua mpira ulio mzima kuliko yote, nikamfunga kiunoni, nikauzungusha kwenye chuma cha keria, nikakaza kiasi. Fundo nikalifunga mara tatu ndipo likakaa. Odilia akasogea, akalivuta kwa mkono wake kulijaribu, akaweka sawa kola ya mtoto.

"Nendeni polepole, Babu," akasema.

Kwenye kilima kile kila mtoto anashuka, nimeshawaambia. Editha siku hiyo hakushuka, na mimi ningemwambia kwa mdomo upi? Nilimsukuma kilima kizima akiwa amekaa juu kama askofu, na machozi yananitiririka mpaka kidevuni, nashindwa kuyafuta kwa sababu mikono yote miwili iko kwenye usukani. Alinisikia navuta kamasi, akaniuliza nina nini. Nikamwambia ni mlima.

"Sukuma tu, Babu," akasema. "Mimi nipo."